Mguu Mpana Hauhitaji Kiatu Kirefu: Tathmini ya Viatu Nilivyoshonesha Ilala

Naandika tathmini hii kuhusu pea tatu za viatu nilizoshonesha kwa fundi mmoja wa Ilala, Dar es Salaam, ambazo sasa nimezivaa kwa muda wa kutosha kuzisema kwa haki: pea ya kwanza ina miezi kumi na minne, ya pili ina miezi tisa, na ya tatu, ambayo ni sendo, ina miezi minne. Jina la fundi sitalitaja, kwa sababu yeye mwenyewe aliniomba nisimtangaze; anafanya kazi na kijana mmoja tu wa kumsaidia, na oda alizonazo zinamtosha. Hata hivyo naona kazi yake inastahili kuelezwa kwa kina, kwa kuwa alichonifanyia kinaweza kufanywa na fundi yeyote makini wa kushona viatu, awe Mwanza, Tanga au Morogoro, mradi mteja ajue la kudai.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nasimama darasani saa tano hadi sita kwa siku, na kabla na baada ya hapo nasimama kwenye daladala. Mguu wangu una urefu wa sentimita 26.6, na mzunguko wake pale penye upana zaidi, yaani pale vidole vinapoanzia, ni sentimita 26.5. Kwa hiyo mzunguko na urefu vinakaribia kulingana, jambo ambalo viatu vya kike vinavyouzwa madukani havikulitarajia kabisa. Miguu yangu haikuwa hivi nilipokuwa chuoni. Ilitanuka katika ujauzito wa kwanza, ikatanuka tena katika wa pili, na baada ya kujifungua haikurudi. Wanawake wengi wanaosoma hapa wanalijua jambo hili kwa miili yao wenyewe, ingawa wakati wa ujauzito huwa tunaambiwa kwamba ni uvimbe tu na utaisha.

Kwa takriban miaka kumi nilinunua viatu namba 44. Nilifika kwenye namba hiyo kwa njia ambayo naamini wengi wameipitia: unajaribu 41 inabana ubavuni, unajaribu 42 inabana, 43 inabana kidogo, na 44 inaingia, basi unalipa na kuondoka. Hakuna muuzaji aliyewahi kunipima. Wengi walinitazama mguu, wakatikisa kichwa, wakasema namba yangu haipo, mmoja, katika duka la viatu vipya Kariakoo, alinisukumia simpo nyeusi ya plastiki iliyokuwa imenikaba hadi nyama ya mguu ikafura juu ya ukingo wake, akaniambia, "Dada, ivae tu hivyo hivyo, itajiachia." Haikujiachia. Ngozi halisi hufuata mguu kwa kiasi fulani, hasa kwa upana, lakini malighafi ya plastiki inayofanana na ngozi hurudi pale pale ilipokuwa kila unapoivua, na baada ya miezi michache haitanuki bali inapasuka, na inapasuka pale pale penye upana wa mguu.

Niseme waziwazi kwamba simlaumu yule muuzaji peke yake. Alikuwa akiuza alichopewa, na alichopewa kilikuwa na namba moja tu iliyoandikwa chini ya soli. Namba hiyo ni ya urefu. Katika mfumo wa Ulaya, ambao ndio unaotumika kwa viatu vingi vinavyoingia Kariakoo, kila namba moja inaongeza theluthi mbili za sentimita katika urefu wa kiatu, na upana nao huongezeka, lakini kidogo sana, kwa milimita chache tu za mzunguko. Anayetafuta upana kwa kupanda namba analazimika kununua urefu mwingi asiouhitaji ili apate upana mdogo anaouhitaji. Nilipovaa 44 badala ya 42 nilikuwa nimejiongezea zaidi ya sentimita moja mbele ya vidole, na bado ubavuni palibana.

Sentimita moja inaweza kuonekana ndogo kwa asiyesimama kutwa. Kiatu kina mahali pake pa kujikunja, na mguu una mahali pake pa kujikunja, na kiatu kikiwa kirefu mno mahali hapo pawili hapakutani. Mguu unateleza mbele, vidole vinakunjamana ndani ili kukishika kiatu kisitoke, kisigino kinapanda na kushuka na kuchubuka, na jioni maumivu yanakuwa katikati ya wayo, pale pasipogusana na chochote. Nilikuwa na malengelenge nyuma ya visigino yaliyogeuka kuwa sugu ngumu, na kwenye sendofu ya binti wa kaka yangu nilivaa viatu vya mchuchumio vya kuazima vilivyonibana kwa saa saba. Wiki iliyofuata ukucha wa kidole cha mwisho ukawa mweusi, kisha ukadondoka. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, na niliamini kwamba kasoro iko mguuni mwangu.

Kabla ya kumfikia fundi, kimbilio langu lilikuwa mitumba, na sitaki kuyapuuza mema yake. Soko la Karume, Ilala, lililoungua Januari 2022 na wafanyabiashara wake wakarudi kujenga upya, limenivalisha kwa miaka. Katika mitumba ndiko mwanamke mwenye mguu mkubwa anakopata namba 42 na 43 za kike bila kuchekwa, kwa sababu viatu hivyo vinatoka katika nchi ambako namba hizo ni za kawaida, na ndiko pekee nilikowahi kukutana na viatu vilivyoandikwa upana. Wauzaji wengi hawajui maana ya herufi zile, na wanunuzi wengi pia hawazitazami, kwa hiyo nitazieleza hapa kwa urefu.

Kwenye viatu vya kike vya Marekani, herufi B ni upana wa kawaida, D ni mpana, na EE au 2E ni mpana zaidi. Kwenye viatu vya kiume vya huko huko, D ndiyo ya kawaida, 2E ni mpana na 4E ni mpana zaidi. Maana yake ni kwamba raba ya kiume isiyo na sifa yoyote ya pekee inakaribiana na raba ya kike iliyo pana, na ndiyo sababu wengi wetu huishia upande wa wanaume bila kujua kwa nini huko kunatufaa. Ila huko pia kuna mtego wa namba: ya kike ya Marekani huzidi ya kiume kwa takriban moja na nusu, hivyo anayevaa 10 na nusu ya kike atafute 9 ya kiume. Raba za New Balance huwa na herufi ya upana kwenye lebo iliyo ndani ya ulimi, karibu na namba. Viatu vya Clarks vya Uingereza navyo huandikwa herufi kando ya namba, lakini hapo herufi hazina maana ile ile, kwa sababu kwa wanawake wa Uingereza D ndiyo ya kawaida, E ndiyo pana, na EE ni pana zaidi. Mtu akikuta D kwenye kiatu cha Kiingereza asidhani amepata kile alichokipata kwenye cha Kimarekani. Sendo za Birkenstock hazitumii herufi, bali mchoro wa wayo kwenye soli ya ndani: wayo uliochorwa kwa mstari tu ni wa upana wa kawaida, ambao kwa kweli ni mpana wa kutosha kwa wengi wetu, na wayo uliojazwa rangi ni mwembamba. Nimewahi kuziacha pea mbili nzuri kwa sababu ya mchoro ule uliojazwa, na sijutii.

Ubaya wa mitumba ni kwamba huchagui unachokihitaji, unachagua kilichofunguliwa siku ile. Mwalimu anahitaji kiatu cheusi cha kufunika mwezi wa kwanza, shule zinapofunguliwa, wala si raba ya rangi ya chungwa. Tena kuna kasoro iliyonigharimu mara mbili kabla sijaielewa: soli za aina fulani ya povu, zile nyepesi zinazopendwa kwa ulaini wake, huoza zenyewe kwa unyevu hata kama kiatu hakijavaliwa. Kiatu kinaonekana kipya, uso wake unang'aa, unakivaa wiki mbili katika joto la Dar es Salaam, kisha soli inamomonyoka kama mkate mkavu. Siku hizi kabla sijauliza bei nabonyeza ubavu wa soli kwa ukucha. Ikinata au ikitoa unga, nakirudisha mezani.

Nilielekezwa kwa fundi na mwalimu mwenzangu ambaye mama yake ana mfupa uliochomoza pembeni ya kidole gumba cha mguu, na ambaye kwa miaka alikuwa akivaa kandambili hata kanisani. Karakana ni chumba kimoja chenye dirisha upande wa barabara; ndani mna cherehani moja nzito ya kushonea ngozi, meza fupi, na rafu tatu za kalibu, yaani zile nyayo za mbao na za plastiki ambazo kiatu hujengwa juu yake. Nilimwamkia mzee, akaitikia, akanionyesha kigoda. "Kaa kwanza, mwanangu. Vua vyote viwili." Nikavua. Hakuutazama mguu kwanza. Alikichukua kiatu changu cha 44, akakikunja kwa mikono miwili, akaonyesha kwa kidole mikunjo iliyokuwa imejichora juu yake, kisha akanionyesha mahali mguu wangu unapojikunja. Kati ya hapo pawili palikuwa na upana wa kidole.

Kisha akatandika karatasi mbili za manila sakafuni, akaniambia nisimame wima, uzito wote kwenye miguu yote miwili sawasawa. Alisisitiza nisimame, nisikae, kwa sababu mguu uliobeba mwili hutanuka na kurefuka, na mguu uliopimwa ukiwa umekaa hutoa kiatu cha mtu anayekaa. Akaizungushia penseli miguu yangu, akiishika wima kabisa, asiilaze chini ya upinde wa wayo wala asiiinamishe nje. Aliweka alama mbili kila mguu, moja kwenye kifundo cha kidole gumba na nyingine kwenye kifundo cha kidole cha mwisho, akaziunganisha kwa rula. Mstari ule, alisema, ndipo kiatu kitakapojikunja. Akachukua futikamba, akapima mzunguko mara tatu kwa kila mguu: penye vifundo vya vidole, kwenye mgongo wa mguu, na kutoka kisigino kupita juu hadi mbele ya kifundo cha mguu. Namba zote akaziandika kwenye karatasi ile ile. Mguu wa kushoto ukaonekana kuuzidi wa kulia kwa milimita tano, jambo ambalo sikuwahi kulijua maishani mwangu.

"Mwalimu, huu mguu si wa arobaini na nne," akasema. "Huu ni wa arobaini na mbili, ila umejaa."

Nimelirudia neno hilo mara nyingi tangu siku ile. Mguu uliojaa. Huko nje kuna kifaa cha chuma, kilichobuniwa na Charles Brannock wa Syracuse, New York, katika miaka ya 1920, ambacho hupima mambo matatu kwa pamoja: urefu hadi kwenye ncha ya vidole, urefu kutoka kisigino hadi kwenye kifundo cha kidole gumba, na upana. Katika maduka ya Dar es Salaam niliyowahi kuingia sijakutana nacho hata siku moja. Mzee huyu, kwa penseli, rula na futikamba, alikuwa amepata vipimo vile vile vitatu na zaidi, kwa muda usiozidi dakika kumi.

Sehemu iliyonifundisha zaidi ilikuja baadaye, nilipouliza kwa nini asitumie tu kalibu ya kiume ambayo ni pana. Akazishusha mbili, ya kiume na ya kike, akazigeuza nyuma zielekee kwangu. Mbele ya kalibu ya kiume palikuwa pananifaa, lakini kisigino chake kilikuwa kinene. Mguu wa mwanamke, hata ukiwa mpana mbele, mara nyingi kisigino chake hubaki chembamba kwa kulinganisha, na hapo ndipo nilipoelewa ni kwa nini viatu vyote vya kiume nilivyowahi kuvaa vilikuwa vikinitoka nyuma. Kalibu yake kubwa kabisa ya kike ilikuwa 41, kwa hiyo kazi ikawa ya pande mbili: akachukua kalibu nyembamba ya kiume namba 42, akaichonga kisigino kwa patasi na kuilainisha kwa msasa, kisha akabandika vipande vya ngozi ubavuni kwa gundi, tabaka juu ya tabaka, akivipunguza kingo, mpaka mzunguko wa kalibu ukafika kwenye kipimo kilichoandikwa kwenye manila. Ya kushoto akaiongeza na kipande cha mbele. Kiatu kikishonwa juu ya kalibu iliyotengenezwa hivyo hakina namna ya kukubana, kwa sababu kimejengwa kuuzunguka mguu wako wenyewe.

Pea ya kwanza ilikuwa viatu vyeusi vya kufunika, vyenye mkanda juu ya mgongo wa mguu na kisigino cha sentimita tatu. Ngozi ni ya ng'ombe, na bitana ni ya mbuzi. Jambo la bitana nilidai mwenyewe, na nashauri kila mmoja alidai, kwa sababu mafundi wengi huweka reksini, yaani ngozi bandia ya plastiki, ndani ili kupunguza gharama, na reksini katika joto letu hulowanisha mguu, na mguu uliolowa huchubuka. Soli ni ya mpira, imebandikwa kisha ikashonwa pembeni kwa mkono kwa shazia na uzi uliopakwa nta. Alama za mshono zinaonekana, zimepangana vizuri, ingawa kwenye kiatu cha kulia kuna mahali mishono miwili imekaribiana kuliko mingine. Mbele ni pa mviringo. Niliomba pachongoke kidogo kwa ajili ya urembo, akakataa kwa upole, akaniambia kwamba umbo la mbele linapaswa kufuata mchoro wa vidole kwenye manila, na kwamba nikitaka ncha ataiongeza mbele ya vidole, hataikata juu yake. Kwenye pea ya pili aliniongezea ncha hiyo, na kiatu kimependeza kweli bila kidole kuguswa.

Sasa kasoro, kwa kuwa zipo. Aliniahidi siku kumi, nikapata viatu siku ya ishirini na tatu, na katikati hapo nilikwenda mara mbili bure, jambo ambalo kwa mtu anayetoka Mbagala si dogo. Mtu mwenye shughuli ya tarehe maalumu, harusi au mahafali, aanze mwezi mmoja na nusu kabla. Katika kiatu cha kwanza kisigino cha kulia kilibaki kikicheza. Nilikivaa siku nne, nikakirudisha, akaongeza ngozi laini ndani upande wa nyuma bila malipo, na tatizo likaisha. Rangi nyeusi ilitoka mvua ya kwanza ya masika ilipoikuta, ikanipaka miguu na kuharibu soksi. Alipaka upya na kuniambia nipake nta kila Jumapili, na tangu hapo haijatoka tena, lakini naona jambo hilo lilipaswa kufanywa kabla sijakabidhiwa mzigo. Harufu ya gundi ilidumu wiki nzima. Pia hana uwezo wa kutengeneza visigino virefu vinavyostahimili. Aliniambia wazi kwamba zaidi ya sentimita tano hataki kubeba lawama, na nilimheshimu kwa kusema hivyo.

Kuhusu bei, pea ya kwanza ilikuwa shilingi 70,000, nikatanguliza nusu. Pea ya pili ilikuwa 60,000 kwa sababu kalibu ilikuwa tayari, na sendo zilikuwa 40,000. Najua kwamba 70,000 ni fedha nyingi kwa mshahara wa mwalimu. Viatu vyangu vya Kariakoo vilikuwa vya 25,000, na kwa jinsi vilivyopasuka ubavuni nilikuwa nikinunua pea tatu kwa mwaka, kwa hiyo nilitumia zaidi na bado niliumia. Pea ya kwanza kwa fundi imepita mwaka. Soli imelika kidogo upande wa nje wa kisigino, na ameniambia kwamba itabadilishwa kisigino peke yake kwa 8,000.

Sendo ndizo nilizozipenda zaidi, na pengine ndizo zinazofaa zaidi kwa asiye na fedha za kuanzia na viatu vya kufunika. Mikanda yake miwili ya mbele inafungwa kwa bizimu zenye matundu sita, kwa hiyo asubuhi nakaza na jioni, mguu unapojaa kwa kusimama, nalegeza tundu moja. Wayo wote uko juu ya soli. Hakuna nyama inayoning'inia pembeni, ambayo ndiyo aibu ya sendo nyingi za dukani kwa mwenye mguu mpana. Kwa anayetaka kujaribu bila kwenda mbali, mafundi wa makubazi wa pwani wanafanya kazi inayokaribiana na hii, na wengi wako tayari kukata soli kwa mchoro wa mguu wako mwenyewe ukiwaomba kabla hawajaanza.

Kuna wanawake ambao sitawashauri waende kwa fundi wa kawaida, hata awe mzuri namna gani. Mwenye kisukari aliyeanza kupata ganzi miguuni hawezi kusikia kiatu kinapomchubua, na kidonda chake kinaweza kumletea madhara makubwa; mwenye matende, ugonjwa unaojulikana sana katika mwambao wetu, anahitaji kiatu kinachofunguka kote na kisichobana ngozi popote. Hao wanahudumiwa na wataalamu wa viungo bandia na viatu vya tiba. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, ina huduma hiyo, na wataalamu wenyewe wamekuwa wakifundishwa hapa hapa nchini, Moshi, katika chuo cha TATCOT kilicho ndani ya hospitali ya KCMC, tangu 1981. Aende huko kwanza akaonwe mguu.

Kwa wanaoagiza viatu mitandaoni, nina neno moja tu. Usitume namba, tuma sentimita. Mwombe muuzaji alaze futikamba ndani ya kiatu, juu ya soli ya ndani, kutoka nyuma hadi mbele, kisha aipindishe apime upana pale penye upana zaidi, akutumie picha zote mbili. Niliwahi kutumiwa kiatu kilichoandikwa 43 ambacho ndani kilikuwa na sentimita 25.5, na aliyeniuzia hakukubali kukirudisha. Tangu nianze kuomba picha hizo, wauzaji wawili wameacha kunijibu, na mmoja amenitumia bila kusita, nikapata raba za mazoezi zinazonitosha hadi leo.

Disemba iliyopita, shule zilipofungwa, nilimpeleka binti yangu kwa fundi. Ana miaka kumi na minne, anavaa 41, na alikuwa ameanza kukataa kwenda kununua viatu pamoja nasi. Alikuwa akisema nimnunulie tu chochote, atavaa. Tulikwenda alasiri, kwa kuwa mguu wa asubuhi ni mdogo kuliko wa jioni, na tulibeba soksi zake za shule. Mzee akatandika manila, akamwambia, "Simama, mjukuu wangu, usiogope, jinyooshe." Akazungushia penseli, akaunganisha alama kwa rula, akapima kwa futikamba, akaandika. Binti yangu akainama kusoma namba zilizoandikwa kando ya mchoro wa mguu wake, akauliza kila moja maana yake, na mzee akamjibu moja baada ya nyingine mpaka zikaisha: urefu sentimita 25.9, mzunguko 25.2, kisigino chembamba, kushoto na kulia sawa. Akaiomba ile karatasi aondoke nayo. Mzee akamwambia atachora nyingine ya kubaki karakana, akachora.